Kurudia na Kusahihisha

Ukirudia kuandika herufi vibaya bila kusahihisha, unazoea kosa. Hata mashine ni hivyo.

Viwandani kuna mashine zenye mkono wa chuma. Mkono huo hurudia kazi ile ile, kama kupaka magari rangi. Ukikosea njia kidogo, utakosea vile vile kila mara.

Mwaka 1984 Suguru Arimoto na wenzake, huko Japani, walieleza dawa yake. Mashine hupima kosa la kila hatua na kulihifadhi. Kabla ya kurudia, hurekebisha amri zake kufuatana na kosa hilo. Hivyo kosa hupungua. Lakini lazima kila mara ianzie pale pale. Tena, ikisahihisha kupita kiasi, kosa huongezeka.

Maswali
1. Kwa nini kurudia tu hakutoshi?
2. Mashine huhifadhi nini?