Matunzo ya Mali ya Chama: Kubadilisha Magurudumu ya Dirisha la Alumini



Hesabu za chama huandikwa katika vitabu, na vitabu hukaa ndani ya chumba. Chumba kisichofungika hakilindi kitabu wala fedha. Kwa hiyo mkaguzi anapoingia katika ofisi ya chama cha msingi, pamoja na kuomba leja na stakabadhi, hutazama milango na madirisha. Mara nyingi hukuta dirisha la alumini la kusukuma limefungwa kwa waya, au limekazwa kwa kipande cha ubao, kwa kuwa komeo lake halifiki tena mahali pake. Akiuliza, hujibiwa kwamba dirisha limezeeka na Bodi inangoja fedha za kununua jingine.

Aghalabu dirisha lenyewe bado ni zima. Kilichochakaa ni magurudumu madogo yanayolibeba, ambayo mafundi huyaita rola. Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha wanachama kutambua tofauti kati ya gurudumu lililokwisha na dirisha lililokwisha, ili fedha yao isitumike kununua kisichohitajiwa. Somo lisomwe katika kikundi, mbele ya dirisha lenyewe ikiwezekana.

1. Jinsi dirisha linavyobebwa

Dirisha la namna hii lina fremu ya nje iliyoshikwa na ukuta, na ndani yake mna mabawa, yaani vioo pamoja na fremu zao, yanayokwenda huku na huku. Chini ya kila bawa linalosogea huwamo magurudumu mawili, moja karibu na kila pembe, kila moja ndani ya kikasha chake. Magurudumu hayo hupita juu ya reli ya alumini iliyo sehemu ya fremu ya nje. Upande wa juu bawa halining'inii. Linaongozwa tu na mfereji.

Tufanye hesabu. Kioo chenye unene wa milimita 1 na eneo la mita 1 ya mraba kina uzito wa kilo 2.5. Bawa lenye kioo cha upana wa sentimita 80, urefu wa sentimita 120 na unene wa milimita 5 lina kioo cha kilo 12, kabla ya kuhesabu alumini yake. Uzito wote huo hukaa juu ya magurudumu mawili. Likifunguliwa na kufungwa mara 10 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, limesogezwa mara 6,000 katika mwaka. Si ajabu basi gurudumu kuchakaa. La ajabu ni kuliacha baada ya kuchakaa.

2. Dalili za uchakavu

Dirisha likiwa zito, lisafishwe kwanza. Toeni mchanga na vumbi katika reli kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa chenye maji kidogo. Zibueni na matundu madogo ya kutolea maji yaliyo upande wa nje chini ya fremu, kwani yakiziba maji ya mvua hujaa katika mfereji na kumwagikia ndani. Msitie grisi wala mafuta ya injini katika reli. Vumbi hushikamana nayo, likawa kama msasa. Kusugua reli kwa mshumaa mkavu kunatosha.

Ikiwa baada ya kusafisha dirisha bado ni zito, tazameni dalili hizi. Bawa lililoinama upande mmoja laonyesha kwamba gurudumu la upande huo limevunjika au limeshuka. Bawa linalorukaruka kwa mwendo wa kufuatana laonyesha gurudumu lililolika upande mmoja. Unga wa kijivu juu ya reli ni dalili mbaya kuliko zote: gurudumu limekwama, halizunguki tena, na linaikwangua alumini kila dirisha linaposukumwa.

3. Tazama reli kabla ya kutoa fedha

Hapa ndipo penye uamuzi. Gurudumu hubadilishwa, lakini reli ni fremu, na fremu imeshikwa na ukuta. Pitisheni kitambaa laini juu ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikinasa, hapo pana jeraha. Kisha lazeni rula juu yake na kutazama kama pana bonde. Reli iliyo laini na iliyonyooka itapokea magurudumu mapya kwa miaka mingi. Reli iliyokatika au iliyochongoka itayaharibu magurudumu mapya upesi. Kwa reli iliyoharibika kiasi, fundi aweza kuifunika kwa mkanda wa chuma kisichoshika kutu, ikiwa upo unaolingana nayo na ikiwa gurudumu litakaa juu yake sawasawa. Reli iliyoliwa mno haina dawa ila fremu mpya.

Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi ya hewa ya pwani huitoboa, na saruji mbichi huiunguza. Kwa hiyo wapiga lipu wanapokuja ofisini, reli ifunikwe.

4. Sampuli na ununuzi

Magurudumu hayana kipimo kimoja, na dirisha kuukuu laweza kuwa na aina isiyopatikana kila duka. Kumtuma mtu dukani kwa maneno matupu ni kupoteza nauli. Gurudumu lipelekwe lenyewe, pamoja na kikasha chake. Linganisheni mambo manne: kipenyo cha gurudumu; umbo la ukingo wake, kama una mfuo au ni bapa; urefu, upana na kimo cha kikasha; na mahali pa matundu ya skrubu. Gurudumu la nailoni lenye beringi huitunza reli ya alumini kuliko gurudumu gumu la chuma. Nunueni mawili kwa kila bawa, hata kama moja laonekana zima, kwa sababu jipya na kuukuu havibebi mzigo sawa.

5. Kazi yenyewe

Kazi ianze asubuhi ya siku isiyo na mvua, kwa watu wawili waliovaa viatu na glavu. Tieni alama kila bawa, la ndani na la nje, ili yasibadilishane.

(a) Ondoeni vizuizi vidogo vilivyofungwa kwa skrubu katika mfereji wa juu, kama vipo. Kazi yake ni kuzuia bawa lisiinuliwe.
(b) Tafuteni skrubu ya kurekebishia kimo, ambayo mara nyingi huonekana katika tundu karibu na pembe ya chini. Igeuzeni taratibu kwa bisibisi ili gurudumu lirudi ndani.
(c) Mmoja kila upande, inueni bawa mpaka liingie juu kabisa katika mfereji, kisha vuteni sehemu ya chini kuelekea ndani ya chumba. Anzeni na bawa la ndani.
(d) Lilazeni juu ya meza iliyotandikwa gunia. Fungueni skrubu inayoshika kikasha. Katika madirisha mengine hapana budi kufungua pembe ya bawa. Hapo kazi aachiwe fundi, maana kioo chaweza kupasuka.
(e) Sampuli isipopatikana siku hiyo, rudisheni gurudumu la zamani na bawa lake kabla ya jua kuchwa. Ofisi ya chama isilale wazi.

6. Kusawazisha na kulinda

Bawa likisharudi, lisogezeni karibu na kufunga, mkaache mwanya mdogo. Mwanya huo uwe sawa juu na chini. Usipokuwa sawa, geuzeni skrubu ya upande mmoja kwa robo mzunguko na kutazama tena. Hakikisheni kwamba komeo linaingia lenyewe bila kusukumwa kwa bega.

Kisha rudisheni vizuizi vya juu. Wengi huvisahau, nao ndio ulinzi wenyewe. Bawa lililoshuka kwa uchakavu huacha nafasi kubwa juu yake, na mwizi aweza kuliinua kutoka nje na kulitoa zima, bila kuvunja kioo wala kumwamsha mlinzi. Jaribuni kuliinua kwa nguvu mkiwa nje. Likicheza sana, kazi haijaisha.

7. Kumbukumbu za matumizi

Katibu amtake fundi aandike makisio mawili mbalimbali: gharama ya magurudumu na ufundi, na gharama ya dirisha jipya. Bodi iamue ikiwa na makisio yote mawili mezani, pamoja na maelezo ya hali ya reli. Stakabadhi iambatishwe na hati ya malipo. Magurudumu ya zamani yasitupwe. Yaonyeshwe katika kikao kinachofuata, ili wajumbe waone kwa macho kilicholipiwa. Mwisho, tarehe ya matengenezo iandikwe katika rejista ya mali, ili Bodi ijayo ijue lini kazi ilifanyika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Madirisha mangapi ya ofisi na ghala letu hayafungiki kwa komeo lake? Tangu lini?
2. Reli zake zina hali gani? Nani amezitazama?
3. Je, tumewahi kununua kitu kipya ambacho kingetengenezeka? Tulipata ushauri wa nani?
4. Nani atawajibika kusafisha reli kila mwezi?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha mihutasari na kusomwa mbele ya Bodi.