Watu Wanne na Godoro Moja
Somo: Marko 2:1-12

Wazazi huniletea mtoto nimwombee: hatulii, anasahau, shuleni anaadhibiwa kila siku. Ninaomba. Kisha ninasema, sasa mpeleke akaangaliwe.

Huenda ni ADHD. Hiyo si pepo wala malezi mabaya. Ni vile ubongo unavyofanya kazi. Haipimwi kwa damu. Daktari huuliza: imeonekana kwa miezi 6 au zaidi? Ni nyumbani na shuleni pia? Mimi nilisomea biashara, na bila rekodi hakuna hesabu. Mzazi, andika kwa daftari unayoyaona. Mwombe mwalimu naye aandike.

Anzia hospitali, au kituo cha EARC cha Wizara ya Elimu kinachotathmini watoto. Akiwa chini ya miaka 6, kwa kawaida mzazi hufunzwa kwanza mbinu za kumlea, kabla ya dawa.

Yule aliyepooza alibebwa na wanne. Mzazi ni mmoja, mwalimu wa pili, daktari wa tatu. Wa nne ni wewe unayeketi karibu na mama huyo Jumapili. Mtoto akikimbia, usimkodolee mama macho. Mfuate mtoto, mama naye asikie Neno.