Kuishi Ndani ya Gari Gisenyi: Tafuta Kwanza pa Kulala

Wapo watu wa miaka arobaini na kitu, wenye kazi ya kompyuta au biashara inayobebeka, ambao hawataki kungoja kiinua mgongo ndipo waanze kuishi wanavyotaka. Wanataka kurudisha funguo za nyumba ya kupanga, wahamie kwenye gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji, leo waamke kando ya Ziwa Kivu, wiki ijayo Karongi au Musanze. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ila wengi huanzia kwa muuza magari, na hapo ndipo akiba inapoyeyuka. Kwa mji kama Gisenyi, ulio Rwanda mpakani na Goma ya Kongo, jambo la kwanza ni mahali pa kulala. Gari linafuata.

Usitegemee viwanja vya magari ya kuishi vyenye bomba, soketi na shimo la maji machafu kama vya Ulaya. Utakachopata huku ni makubaliano na mtu: nyumba ya wageni yenye ua mpana, hosteli ya kanisa, au mwenye kiwanja tambarare anayependa kupata kodi. Andikianeni bei ya mwezi, na karatasi itaje maji, choo, bafu, umeme na mlinzi, kimoja kimoja. Kisha mwombe mwenyeji akupeleke kwa kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji. Hili watu wengi hulipuuza, nami naona lina uzito kuliko paneli yoyote ya sola. Mambo mengi ya Rwanda hupitia kwenye mudugudu, hata bima ya afya ya mutuelle husajiliwa kwa kaya. Gari geni linalolala mpakani bila mtu kujulishwa litaleta maswali, tena ya haki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda: asubuhi safari husimama na watu hutoka kufanya kazi ya pamoja. Toka na jembe. Majirani watakufahamu huko, na Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kitakusaidia sana katika mji huu wa wafanyabiashara.

Sasa ardhi yenyewe. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na mto Sebeya ulifurika ukazamisha nyumba hapa wilayani Rubavu. Kwa hiyo bonde la Sebeya si pa kulaza gari msimu wa mvua, hata likionekana tambarare na lenye kivuli. Wala usiegeshe chini ya kilima kilichokatwa wima, maana udongo wa milima hii ukishalowa huporomoka bila kuonya. Chagua sehemu iliyoinuka, yenye changarawe, na maji ya mvua yawe na njia ya kupita mbali na matairi.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Upande wa Goma na Sake, gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini penye mawe ya volkano na kujikusanya mabondeni. Wenyeji huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mtu aliyelala chini kwenye shimo la namna hiyo anaweza asiamke. Ukizunguka kaskazini mwa ziwa, usilale kamwe kwenye kibonde kabla ya kuwauliza wachungaji na wakulima wa pale. Wao wanajua mahali mbuzi walipokufa.

Na ndani ya gari usiwashe mkaa. Gisenyi iko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua baridi humfanya mtu atamani kuingiza jiko ndani na kufunga vioo. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, na familia nzima inaweza kufa usingizini. Pikia nje chini ya turubai. Ukitumia gesi ya mtungi ndani, weka tundu la hewa juu na jingine usawa wa sakafu, kwa kuwa gesi ya kupikia ikivuja hutuama chini. Baridi itibu kwa blanketi nzito.

Volkano ya Nyiragongo, ng'ambo ya mpaka, ililipuka Januari 2002 na tena Mei 22, 2021. Mlipuko wa pili ulifuatiwa na siku kadhaa za matetemeko yaliyopasua nyumba Rubavu. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora yaliangukia upande huu na kuua watu. Mwenye gari la kuishi ana nafasi ya kuondoka upesi ambayo jirani yake hana, mradi aitunze: tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu, gari litazame lango, na njia mbili ziwe kichwani, ya Musanze na ile ya pwani ya ziwa kuelekea Karongi.

Ukishapata mahali, sasa nenda kwa magari. Rwanda huendesha upande wa kulia. HiAce ya Kijapani inayouzwa Dar es Salaam au Mombasa ina usukani kulia na mlango wa kuvuta kushoto, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara ya huku, unashukia kwenye magari yanayopita. Tena mkazi wa Rwanda hawezi kuingiza gari la abiria la usukani wa kulia akalisajili kwa namba za hapa. Mgeni huingia nalo kwa kibali cha muda. Mwambie fundi aweke vitu vizito chini na katikati: lita 100 za maji ni kilo 100, na miteremko ya barabara ya Kigali itazichosha breki zako. Shuka kwa gia ndogo, kama wafanyavyo madereva wa malori ya kwenda Goma. Ukiwakuta kwenye foleni ya mpakani, waulize wanalala wapi. Wanaishi ndani ya magari kwa wiki nzima, na majibu yao ni ya kuaminika.

Umeme: jokofu dogo la volti 12 hula takriban wati-saa 500 kwa siku, na kompyuta, simu na taa 300 nyingine. Paneli ya wati 200 hufikia hapo siku ya jua kali tu. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba, mawingu hupunguza sana. Badala ya kununua betri ya pili, lipa mwenyeji kwa soketi.

Kuhusu uzee, kuwa mkali na nafsi yako. Pensheni ya kila mwezi ya RSSB, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Rwanda, inataka angalau miaka 15 ya michango. Aliyechangia 13 na avumilie miwili kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Tangu Januari 2025 mchango ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri. Ukijiajiri, nusu hiyo inapotea, kwa hiyo iweke mwenyewe, katika michango ya hiari au Ejo Heza, mpango wa akiba ulioanzishwa 2018 unaowapokea hata wasio na mshahara.

Na kabla ya kununua chochote, nenda Kigali ukodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, uishi humo wiki mbili mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, ukifanya kazi yako ya kawaida na kwenda choo cha jirani usiku. Kama una nyumba yako, usiiuze mwaka wa kwanza. Ipangishe.