Kijiji Kinachopima Maji Yake

Katika jimbo la Maharashtra, nchini India, kiko kijiji kiitwacho Hiware Bazar. Kipo upande wa nyuma wa milima ya Ghats, ambayo huyakinga mawingu yatokayo baharini; kwa hiyo mvua yake ni haba, yapata inchi 16 tu kwa mwaka. Chakula chake cha asili ni mtama na uwele, nafaka ambazo wakulima wa Ukambani wanazijua sana.

Zamani vilima vya hapo vilikuwa na miti. Watu wakaikata, na baada ya ukame mkubwa wa mwaka 1972 hali ikawa mbaya kabisa. Mvua iliponyesha, maji yaliteremka mbio na kuchukua udongo, na visima vikakauka mapema. Wengi walihamia Mumbai na Pune kutafuta vibarua; waliobaki walipika pombe na kugombana.

Mwaka 1989 wanakijiji walimchagua Popatrao Pawar, kijana aliyesoma hata chuo kikuu, awe mkuu wa baraza lao. Wenye elimu kama yake kwa kawaida hutafuta kazi mjini, yeye alibaki. Watu wakakubali kufanya kazi ya mikono bila malipo. Walichimba mitaro ya kukinga maji vilimani, wakajenga kuta ndogo katika makorongo, wakapanda miti. Mifugo ikakatazwa kuchungwa ovyo. Majani hukatwa na kupelekwa zizini. Pombe nayo ikapigwa marufuku.

Lakini jembe peke yake halikutosha. Maji yakirudi, kila mtu hutamani kulima miwa, nayo miwa hunywa maji kupita kiasi. Hapo ndipo vijiji vingi hushindwa. Hiware Bazar walikataza miwa na migomba, tena wakakataza visima virefu vya bomba kwa kumwagilia mashamba. Kila mwaka, mvua ikiisha, hupima kiasi kilichonyesha na kina cha maji visimani, kisha hukutana kufanya hesabu, kama mtu ahesabuvyo fedha zake kabla ya kwenda dukani. Kwanza hutengwa maji ya kunywa ya watu na mifugo. Yanayosalia ndiyo ya mashamba. Mwaka wa mvua njema hupandwa ngano na vitunguu. Mwaka wa mvua chache ngano hupunguzwa au huachwa, na mahali pake hupandwa dengu. Si jambo jepesi kwa mwenye kisima kizuri, maana kisima ni chake; lakini maji yaliyo chini ya ardhi ni ya wote, na shauri hukatwa mbele ya watu wote.

Visima, vilivyokuwa 90 hivi, vimekaribia 300. Maziwa yaliongezeka kutoka lita 150 kwa siku hadi maelfu. Kati ya mwaka 1992 na 2002 familia zipatazo 40 zilirudi kutoka mijini. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje.