Dondoo muhimu: Maisha ndani ya boti nyembamba, mifereji ya Uingereza

Boti hizi zina upana wa kama mita 2.1 tu. Wakazi wake huzingatia haya:

• Kuhama: Asiye na maegesho ya kudumu kwa kawaida hakai mahali pamoja zaidi ya siku 14.

• Mwendo: Mwisho ni maili 4 kwa saa. Akipita boti zilizofungwa, nahodha hupunguza zaidi, la sivyo chai ya jirani itamwagika.

• Malango ya maji: Boti inaposhuka, tezi ikae mbali na kizingiti cha lango la nyuma. Ikinasa hapo huku maji yakipungua, omo huzama.

• Jiko: Kuni na makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Kengele yake ni lazima, na matundu ya hewa hayazibwi hata baridi ikizidi.

• Choo: Kasha humwagwa vituoni, kamwe si mferejini.