SOMO LA AFYA: SODA YA MGENI



Hapa kwetu Nduguti mgeni akiingia nyumbani, jambo la kwanza ni kumpa kiti, na la pili ni kumtuma mtoto dukani akalete soda. Kumpa maji ya mtungini huonekana ni unyonge. Sisi nasi tumefanya hivyo miaka mingi bila kujiuliza. Siku moja alitutembelea mzee tuliyefundisha naye zamani. Tulimletea soda ya chungwa, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akainywa yote. Wakati wa kuagana ndipo aliposema polepole kwamba anao ugonjwa wa sukari, ila aliona haya kukataa kilicholetwa kwa heshima. Basi tulimheshimu kwa kitu kilichomdhuru. Tangu siku hiyo tumeona inafaa tujifunze jambo hili pamoja.

1. Ndani ya chupa mna nini?

Soda ni maji, sukari, asidi, rangi, vionjo, na hewa ya ukaa iliyoshindiliwa. Kutia hewa hiyo katika maji kuligunduliwa na Mwingereza Joseph Priestley mwaka 1767, wala yeye hakutia sukari. Hewa yenyewe hujaza tumbo na kumfanya mtu apige mbweu. Hilo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni sukari.

Tufanye hesabu kama darasani. Soda ya kola ya kawaida ina sukari gramu 10.6 hivi katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 37. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua kama gramu 4. Gawanya 37 kwa 4, utapata vijiko 9 na kidogo. Ni nani kati yetu angetia vijiko 9 katika kikombe kimoja cha chai akakinywa? Ubaridi na uchachu wa asidi ndivyo vinavyouficha utamu huo. Na mtu anywaye chupa moja kila siku, kwa mwaka mzima amekunywa sukari kilo 13 na nusu.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu tupatazo kwa chakula cha siku, na ingefaa zaidi isizidi sehemu 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Hivyo ni vijiko 6. Chupa moja imekwisha kupita hapo, kabla hata hatujanywa chai.

2. Sukari hiyo hufanya nini mwilini?

Tulapo ugali wa uwele na mlenda, tumbo huufanyia kazi polepole, na sukari yake huingia katika damu kidogo kidogo. Sukari ya soda imekwisha kuyeyushwa. Huingia kwa haraka. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi ili kuishusha. Sehemu ya sukari huenda katika ini na kugeuzwa mafuta. Tena kinywaji hakishibishi kama chakula: aliyekunywa soda hukaa mezani akala kiasi kilekile. Ndipo uzito unapoongezeka, na insulini kupungukiwa na nguvu zake.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2010 zilionyesha kwamba wanywao chupa moja au mbili za vinywaji vya sukari kila siku huwa na hatari ya kupata kisukari cha ukubwani iliyozidi kwa asilimia 26 ile ya wasiokunywa au wanywao mara chache sana. Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa kisukari aliletewa na soda. Kuna urithi, kuna unene, kuna kuketi tu bila kazi. Lakini soda ni mlango tunaoweza kuufunga wenyewe.

Wala ugonjwa huu si wa watu wa mjini tu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walitoa taarifa ya watu zaidi ya 6,000 waliopimwa katika vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata 1 katika 100. Upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2012 uliwakuta kama 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Umri na namna ya kupima vilitofautiana, lakini mwelekeo waonekana wazi.

3. Meno yetu

Katika sehemu za Singida maji ya baadhi ya visima yana madini ya floraidi kupita kiasi, ndiyo maana wengi wetu tuna meno ya kahawia tangu utoto. Rangi hiyo si kuoza. Kuoza ni jambo jingine: vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huitoboa ngozi ngumu ya jino. Soda huleta sukari na asidi pamoja. Anayeinywa kidogo kidogo mchana kutwa hujidhuru zaidi kuliko anayeimaliza mara moja pamoja na chakula. Na soda isiyo na sukari, ingawa haiongezi sukari ya damu, asidi yake ipo palepale.

4. Mgonjwa na mtoto anayeharisha

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Wengi wetu tukienda kumwona mgonjwa tunachukua soda, na mtoto akiharisha tunampa soda “apate nguvu.” Hili ni kosa la hatari. Maji ya kumwokoa mtoto huyo ni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Au bora zaidi, pakiti ya ORS kutoka zahanati. Lita moja ya soda ina zaidi ya vijiko 25 vya sukari, na chumvi ni haba mno. Sukari nyingi hivyo huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni, na kuharisha kukazidi. Wapo pia wanaosema soda nyekundu huongeza damu. Rangi si madini ya chuma. Maharage, mboga za majani, nyama na maini ndivyo vyenye chuma.

Lakini tuseme kweli yote. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka mno. Hapo soda yenye sukari au maji ya sukari yaweza kumwokoa, maadamu ana fahamu na anaweza kumeza. Kisha apelekwe kwa mganga upesi. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

5. Tufanye nini?

Hatusemi soda ifutwe duniani. Mtu mwenye afya akinywa moja siku ya harusi hajaangamia. Twasema isiwe kinywaji cha kila siku, wala isiwe kipimo cha heshima. Maji safi, uji wa uwele, maji ya ubuyu au ya ukwaju yasiyojazwa sukari, hivi navyo ni ukarimu. Kamati za sherehe za ubatizo na kipaimara ziweke maji mezani pamoja na soda, ili mgeni achague bila kuona haya. Na kwanza tumwulize: “Mzee wangu, nikuletee nini?” Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Nasi tuhakikishe kwamba mgeni naye anarudi kwake mzima.

Yule mzee alikuja tena. Tulimpa uji, akaomba kikombe cha pili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Soma maandishi ya chupa ya nusu lita. Ina vijiko vingapi vya sukari?
2. Chai yetu ya asubuhi je, tunatia vijiko vingapi?
3. Ni nani katika jamaa yetu hupokea soda kwa kuona haya tu?