Remorki na Motokari Vipatane



Wakati wa mavuno, wengi hutafuta remorki ili kuleta mahindi kutoka shambani. Ni jambo jema. Lakini kabla ya kununua, ujiulize: motokari yangu inaweza kuivuta, na zaidi ya yote, kuisimamisha?

1. Soma karatasi za motokari. Zinaonyesha uzito inaoweza kuvuta, remorki ikiwa na freni au bila freni. Usiupite.

2. Fanya hesabu. Tuseme remorki tupu ina kilo 300. Ukitia mifuko 10 ya kilo 50, jumla ni kilo 800. Ikiwa karatasi inasema 750, mfuko mmoja ubaki shambani. Utauchukua kesho.

3. Panga mzigo. Vitu vizito vikae juu ya magurudumu, kuelekea mbele kidogo. Mzigo ukilemea nyuma, remorki huyumba. Ikiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta polepole na shika usukani sawa. Usikanyage freni kwa ghafula.

4. Kabla ya kuondoka, angalia ndoano, mnyororo wa usalama, upepo wa mipira na taa za nyuma.

5. Mtu asipande juu ya mifuko, hata kwa safari fupi. Ndoano ikifunguka, aliye nyuma hana cha kushika. Nafasi isipotosha ndani ya motokari, fanyeni safari mbili.

Mama, ukiona mtoto anapandishwa, kataa. Mahindi yakimwagika huokotwa; mtoto hapana.